Sori ya Bwana Neil

Barua ilifika Maneromango siku tatu baada ya arobaini ya Yahya. Ililetwa na Hashiru, dereva wa kampuni ya kuchimba visima alikokuwa ameajiriwa marehemu. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye tope karibu na shule, hivyo alimalizia safari kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alimkabidhi Mwanamkuu bahasha kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka kitu cha moto.

Mwanamkuu ndiye mama wa Yahya. Alikaa na ile bahasha mapajani kwa muda, kisha akampa Kidawa.

"Soma wewe, mwalimu."

Kidawa alikuwa mtoto wa mdogo wake, na alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Mlandizi. Alikuja kwa ajili ya arobaini, akaomba ruhusa ya siku chache zaidi ili amsaidie mama yake mkubwa kurudisha masufuria na mikeka ya watu. Alifungua bahasha akitarajia waraka wenye mihuri. Akakuta karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari. Juu iliandikwa "Mama Yahya", chini yake sentensi mbili fupi za Kiingereza, na mwisho jina: Neil. Katika sentensi zote mbili neno la maana lilikuwa moja tu, nalo ni sorry.

"Anasema pole," Kidawa akatafsiri. "Anasema pole, mama mkubwa. Tena pole sana."

"Basi?"

"Basi."

Bilali, kaka yake Yahya, aliyekuwa akiendesha bodaboda Kisarawe mjini, alichukua karatasi akaiangalia mwenyewe.

"Dada Kidawa, hapa si kweli. Hii ni sori. Sori ni samahani. Mtu akikukanyaga stendi anakwambiaje? 'Sori, kaka.' Sasa hapo anakupa pole? Anaomba msamaha."

"Hiyo ni sori ya Kiswahili. Hii ni ya Kiingereza."

"Kwani sori ziko ngapi?"

Kidawa aliichukua tena karatasi, akaisoma upya. Alikuwa amefundisha miaka sita. Kidato cha kwanza aliwaandikia ubaoni kwamba neno hilo ni samahani. Kidato cha tatu walisoma habari ya msichana aliyefiwa, rafiki zake wakamwambia neno hilo hilo, naye akawaeleza wanafunzi kwamba hapo ni pole. Hakuna aliyewahi kunyoosha mkono kuuliza.

Mwanamkuu alikuwa akiwatazama kwa zamu.

"Sikilizeni," alisema. "Pole nimepewa na kila mtu. Muuza dagaa kanipa pole. Mchungaji wa kule misheni alikuja hapa na wazee wa kanisa, na sisi Waislamu, wakanipa pole. Hata Mama Kudra tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba kaja kukaa hapa mkekani siku mbili. Samahani ndiyo sijaletewa na mtu. Sasa nataka nijue hii ni ipi."

Wote wakamgeukia Hashiru.

"Mimi nimepewa bahasha tu, mama," alisema Hashiru, akaomba maji ya kunywa.

Swali lilikuwa zito kwa sababu moja. Yahya alifia Dutumi, upande wa Kibaha, mahali kampuni ilipokuwa ikichimba kisima. Mabomba ya chuma yaliporomoka kutoka kwenye lori yakamwangukia. Bwana Neil, Mwingereza, ndiye aliyekuwa mhandisi msimamizi. Taarifa ya kampuni ilisema ni ajali, vifaa vyote vilikuwa vizima, hakuna aliyezembea. Mwanamkuu aliisikiliza taarifa hiyo ikisomwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akasema siku ya mwanawe ilikuwa imefika, akakubali. Lakini kama huyu mtu anaomba msamaha, basi kuna alilolitenda. Na kama kuna alilolitenda, ile taarifa ilikuwa nini?

Kidawa alirudi Mlandizi na karatasi ile ndani ya mkoba. Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimfuata Mwalimu Laurean, mzee wa Bukoba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kamusi yake kubwa ya Kiingereza aliivalisha jalada la kaki kama daftari la mtoto, na hakumwazima mtu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyepoteza mitihani."

Kidawa akamweleza. Mwalimu Laurean hakucheka. Alifungua kamusi, akashusha miwani, akasoma.

"Asili yake ni neno la zamani sana," alisema. "Lilimaanisha mtu mwenye maumivu. Shina lake ni lile lile la neno lao la kidonda. Halafu wana neno jingine, la huzuni, linalofanana nalo kwa sauti. Wengi hudhani hili limezaliwa na lile. Hapana, hawakuwa ndugu. Walikaa nyumba moja miaka mingi mpaka likachukua sura ya jirani yake."

"Kwa hiyo ni pole."

"Ngoja. Mtu anaweza kuumia kwa sababu wewe umefiwa. Anaweza pia kuumia kwa sababu ya alichokufanyia. Mwingereza yote mawili anayaita jina moja. Siku hizi hata asiposikia ulichosema, anakwambia 'sorry?' ili urudie. Akitaka kupita dukani, hilo hilo. Neno limetumika mpaka limelainika kama sarafu ya zamani."

"Na samahani yetu?"

"Yetu tuliichukua kwa Waarabu, nayo ni ombi: nisamehe. Ukisema pole, humwombi mtu kitu. Ukisema samahani, umemwomba, na anaweza kukunyima." Alifunga kamusi. "Huyo bwana ameandika neno lisiloweza kunyimwa. Kama alikusudia au hakukusudia, kamusi haisemi."

Kidawa alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Jioni alimpigia simu mama yake mkubwa, na kwa kuwa hakuwa na jibu, akampa alichokuwa nacho.

"Mama mkubwa, maana yake ya kwanza kabisa ni mwenye kidonda."

Mwanamkuu alimwambia arudie, naye akarudia.

"Kidonda chake," Mwanamkuu akauliza, "au changu?"

Alhamisi yake Mwanamkuu alishuka Mlandizi akiwa na kikapu na baibui lake la safari. Hakuwa ametoa taarifa. Alimkuta Kidawa anasahihisha madaftari, akamwambia anataka kupelekwa kwenye hiyo ofisi, akamuulize mwenye neno mwenyewe.

"Mama mkubwa, watu wa ofisi hawako hivyo. Kuna utaratibu."

"Mimi siendi kudai kitu. Naenda kuuliza maana."

Ofisi ilikuwa Kibaha mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Afisa utumishi, kijana mmoja wa Mbeya aliyeitwa Lusajo, aliwapokea kwa adabu zote. Alimwamkia Mwanamkuu, akamvutia kiti, akaagiza soda. Aliposikia walichokuja nacho, sura ilimbadilika.

"Mama yangu, suala hili liko kwa mwanasheria. Mimi mwenyewe sijui kama kulikuwa na barua."

"Basi sasa unajua," alisema Mwanamkuu, akaiweka karatasi mezani.

Lusajo aliisoma, akaisoma tena, akajifuta jasho. Kabla hajaamua la kufanya, mlango wa ndani ulifunguka na Bwana Neil mwenyewe akatoka. Kidawa alimtarajia mtu mwenye kiburi. Alimwona mtu mrefu, ndevu hazijanyolewa, shati limemning'inia kama la kuazima. Alimtambua Mwanamkuu, kwa maana alikuwepo mazikoni. Alisimama pale pale.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Mwanamkuu akamgeukia Kidawa. "Muulize. Pole au samahani?"

Kidawa akauliza kwa Kiingereza, akichagua maneno taratibu. Mama yake mkubwa anataka kujua: pale ulipoandika sorry, ulikuwa unamwonea huruma kwa msiba wake, au ulikuwa unamwomba msamaha kwa jambo ulilolitenda?

"Mhandisi, huna haja ya kujibu hilo," Lusajo akaingilia kati haraka, kwa Kiingereza.

Bwana Neil alimtazama Lusajo, akaitazama karatasi yake mwenyewe pale mezani kama vile imeandikwa na mtu mwingine.

"Mwambie," alimwambia Kidawa, "mwambie, sorry."

"Kasemaje?" Mwanamkuu akauliza.

"Kasema sori."

"Ile ile?"

"Ile ile, mama mkubwa."

"Mwambie achague."

Kidawa akamwambia. Mara hii alisahau adabu ya kutafsiri, akamuuliza kwa hasira yake mwenyewe: ipi kati ya hizo mbili? Bwana Neil alijibu kwa sauti ndogo, na jibu lenyewe Kidawa alilibeba kichwani siku nyingi akijiuliza kama alilisikia sawasawa.

"Sijui kama ninaruhusiwa kujua."

Alipolitafsiri, Mwanamkuu alikunja uso. "Mtu mzima huyu, anaruhusiwa na nani kujua alilolisema yeye mwenyewe?" Hakungoja jibu. Aliinuka, akachukua kikapu chake, soda akaiacha haijafunguliwa. Mlangoni akageuka.

"Karibu Maneromango," alimwambia Bwana Neil, kwa Kiswahili.

Kwenye ngazi Kidawa alimuuliza, "Mama mkubwa, umemkaribisha au umemtisha?"

"Nimemkaribisha. Sijui yeye amesikia nini."

Wiki mbili zikapita. Bilali alikuwa akipiga simu kila jioni, mara anataka waende polisi, mara anataka waende na vijana wa kijiweni, mara anasema waache, Mungu yupo. Kidawa naye alijilaumu. Angetafsiri pole akanyamaza, angetoa jibu moja akalishikilia, mama yake mkubwa angekuwa anaomboleza kama watu wengine. Halafu alijiuliza: na kama ni samahani kweli, ningekuwa nimeificha?

Ijumaa moja simu yake iliita kwa namba asiyoijua. Ni Bwana Neil. Anataka kwenda Maneromango kesho yake. Hataenda na gari la kampuni wala na Lusajo. Anaomba Kidawa amfuate akamtafsirie, na kama hataki, ataelewa.

Kidawa hakutaka. Hata hivyo, asubuhi alimkuta Bwana Neil anamsubiri kwenye gari la kukodi, akapanda.

Walipita njia ya Mzenga. Bwana Neil alikuwa akiendesha mikono yote miwili kwenye usukani. Walipofika Dutumi, kisima kilikuwa kimekamilishwa na kundi jingine la wachimbaji. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo, mmoja anapiga pampu, wengine wanacheka. Bwana Neil alipunguza mwendo, karibu asimame, kisha akakanyaga mafuta wakapita.

"Nifundishe hayo maneno mawili," alisema baadaye. "Tofauti yake."

Kidawa akamwambia kama alivyoambiwa na Mwalimu Laurean. Pole haiombi kitu. Samahani ni ombi, na linaweza kukataliwa. Akaongeza lake: "Na kwetu huwezi kuisema ukaishia hapo. Watakuuliza, samahani ya nini?"

Bwana Neil akaanza kulitamka hilo la samahani. Alilivunja katikati, akalivuta mwisho, akaligeuza swali. Kidawa alimsahihisha kama anavyowasahihisha watoto, na kwa muda mfupi hakukumbuka ni nani aliye naye. Alipokumbuka, aligeukia dirisha mpaka walipofika.

Mwanamkuu alikuwa uani na Bilali. Hakuonyesha kushangaa. Alileta kiti cha plastiki akampa mgeni, yeye akakaa mkekani. Bilali alibaki amesimama, mgongo ukutani.

Bwana Neil alisema kwa Kiingereza, na Kidawa alitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisema mabomba kwenye lori yalifungwa kwa mikanda mitatu. Asubuhi ile Yahya alimwita akamwonyesha mkanda wa kati. Ulikuwa umechakaa upande wa chini, una tundu. Yahya alipitisha kidole kwenye tundu ili amwonyeshe. Yeye, Neil, alimwambia kazi imebaki ya siku moja, mkanda mpya utakuja kesho kutoka Dar. Saa nane mchana mkanda ukakatika. Ilipoandikwa taarifa kwamba vifaa vyote vilikuwa vizima, alijua si kweli, akatia sahihi. Aliambiwa asitamke neno lolote la kukiri kosa. Ndipo akaandika ile barua, akatumia neno ambalo hakuna wa kumshika nalo.

Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiswahili kilichopinda:

"Samahani, mama. Samahani kwa mkanda. Samahani kwa sahihi."

Bilali alitoka ukutani. Kidawa aliona ngumi yake.

"Kaa chini, Bilali," alisema mama yake bila kumtazama.

Bilali akakaa. Mwanamkuu alimwelekea Bwana Neil.

"Muulize, alipitisha kidole gani?"

Kidawa alidhani hakusikia vizuri. "Kidole gani, mama mkubwa?"

"Kwenye hilo tundu. Mwanangu alipitisha kidole gani?"

Bwana Neil alipoelewa swali, aliinua mkono wa kulia, polepole, akanyoosha kidole cha shahada. Mwanamkuu alikitazama kidole kile kama anayesoma kitu juu yake. Kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba.

Walikaa. Kuku mmoja aliingia jikoni akatoka. Kutoka nyuma ya nyumba walisikia maji yakimwagwa, halafu sauti ambayo Kidawa hakuwahi kuisikia hata siku ya mazishi, nzito, ya chini, ikakatika. Alitaka kumfuata, Bilali akamzuia kwa ishara ya kichwa.

Mwanamkuu alirudi amenawa uso, ncha za kanga zimelowa.

"Nimesikia," alisema.

Kidawa akatafsiri.

"Maana yake amenisamehe?" Bwana Neil akauliza.

"Maana yake amesikia."

"Lakini neno hilo, kwa desturi yenu, lina maana nyingine zaidi?"

Kidawa alifikiri. Mtu akiitwa huambiwa sikia. Mtoto akionywa huulizwa umesikia? Mgonjwa hujibu nasikia nafuu. Na mtu anaweza kusikia, akaweka moyoni, akakuchukia mpaka kaburini. "Sijui," alimjibu. "Kweli kabisa, sijui."

Chakula kikaletwa, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Bwana Neil aliangalia sahani, akamwangalia Kidawa, hajui kama inafaa ale au asile. Ni Bilali aliyeinuka akachukua birika na beseni, akammiminia maji ya kunawa. Alimmiminia amekaza taya, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya mgeni. Bilali mwenyewe hakula.

Jumatatu Bwana Neil alikwenda kituo cha polisi akaandika maelezo, na ofisi ya kazi akaandika mengine. Kampuni ikamsimamisha. Kesi ilisikilizwa Kibaha kwa miezi kadhaa. Mwanamkuu alihudhuria kila mara, anakaa benchi la mbele na kikapu chake, na Kidawa alipopata ruhusa alikaa naye. Kampuni ilitiwa hatiani, na taarifa ya kwanza ikawekwa kando, ikaandikwa nyingine iliyoutaja mkanda, na kwamba Yahya alikuwa ameuonyesha. Mwanamkuu aliomba nakala. Bwana Neil alipewa kifungo cha nje, na kilipomalizika akarudi kwao. Kabla hajaondoka alimtumia Kidawa ujumbe akiuliza kama kuna neno lolote kutoka Maneromango. Kidawa alimuuliza mama yake mkubwa. Mwanamkuu alisema mwambie safari njema. Kidawa akaandika hivyo, akaongeza salamu zake mwenyewe, akazifuta, akatuma.

Mwaka uliofuata, likizo ya mwezi wa sita, Kidawa alikwenda kumsaidia kuvuna muhogo. Walikuwa uani, wamekata vipande, wamevijaza kwenye beseni mbili. Swali lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu.

"Mama mkubwa, ulimsamehe yule bwana?"

Mwanamkuu alinyoosha mgongo, mkono kiunoni.

"Siku nyingine naamka nimemsamehe. Kabisa. Nakwenda shambani mwepesi. Ikifika adhuhuri namkumbuka mwanangu na kile kidole chake, naona sijasamehe kitu. Nilidhani nikiletewa samahani nitajua la kufanya nayo."

"Na leo?"

"Leo bado sijajitazama." Alikunjua turubai, akamrushia ncha moja. "Shika huko, uvute. Tuanike kabla jua halijageuka."